Jiwe la Ubatizo la Eisleben: Habari za Maisha ya Dr. Martin Luther



Katika mji wa Eisleben, nchi ya Udachi, ambayo siku hizi twaiita Ujerumani, liko kanisa la Mitume Petro na Paulo. Ndani yake mna birika la ubatizo, na katika birika hilo vimehifadhiwa vipande vya jiwe la kale, lililochongwa kabla Wareno hawajafika katika pwani yetu. Maandishi ya Kilatini yaliyo juu yake yashuhudia kwamba hayo ndiyo masalio ya birika alimobatizwa Martin Luther mwaka wa 1483.

Habari za Luther zimesimuliwa mara nyingi, hasa mwezi wa Oktoba ufikapo, na wengi wetu twazijua habari za mlango wa kanisa la Wittenberg. Safari hii twataka kuzisimulia tukianzia penye jiwe hilo. Maana maswali tunayoulizwa huku Malinyi na katika sharika nyingine za bonde la Kilombero mara nyingi ni maswali ya ubatizo. Mzazi auliza kama yafaa kumleta mtoto mchanga asiyejua neno. Kijana ashawishiwa na wenziwe ashuke mtoni abatizwe mara ya pili, kwa kuwa ule ubatizo wa utoto, wasema, haukuwa kitu. Na mama aliyefiwa na mtoto kabla hajabatizwa auliza kwa machozi mwanawe yuko wapi. Maswali hayo yote Luther alikutana nayo, na tena aliyajibu akiwa baba aliyezika watoto wake mwenyewe.

Mabirika ya kale

Kwanza tueleze kidogo mabirika ya zamani zile yalivyokuwa. Katika Ulaya kila kanisa la mtaa, hata kijijini kwa wakulima, lilikuwa na birika lake, na kwa kawaida lilikuwa la jiwe, kwa kuwa jiwe halinywi maji wala halivuji upesi. Mafundi walilichonga kwa nje wakafanya sura za mitume, za simba, za matawi ya mizabibu, na za Bwana Yesu akibatizwa katika Yordani. Watu wengi hawakujua kusoma, basi jiwe lenyewe lilikuwa kama kitabu chao. Mengi yalichongwa yawe na pande nane, kwa ukumbusho wa watu wanane waliookoka katika safina ya Nuhu, na wa siku ya kufufuka kwa Bwana, iliyohesabiwa kuwa siku ya nane, mwanzo wa uumbaji mpya. Tumbo lake lilikuwa pana, kwa sababu mtoto alichovywa mwili mzima.

Tena mabirika hayo yalifunikwa na kutiwa kufuli. Huko Uingereza Askofu Mkuu Edmund wa Canterbury aliagiza jambo hilo mwaka wa 1236, kwa kuwa watu waliiba maji yaliyobarikiwa wakayafanyia uganga. Hayo hayatushangazi sana sisi wa Ulanga. Twajua kwamba mtu aogopaye hutafuta kinga popote, na chochote kitakatifu aweza kukigeuza kuwa hirizi.

Mtoto wa mchimba shaba

Martin Luther alizaliwa Eisleben tarehe 10 Novemba 1483, usiku. Baba yake aliitwa Hans, mama yake Margarethe. Hans alikuwa mtoto wa mkulima aliyeacha shamba akaenda kutafuta riziki katika machimbo ya shaba. Mama yake, alipoulizwa uzeeni, aliikumbuka vema siku na saa ya kuzaliwa kwake, lakini mwaka hakuwa na yakini nao. Hapa wazee wetu wengi watatabasamu, maana nao walizaliwa mwaka wa mafuriko au mwaka wa nzige, wasiwe na hati yoyote.

Siku ya pili yake, tarehe 11 Novemba, mtoto alichukuliwa kanisani akabatizwa. Kanisa lenyewe lilikuwa bado kazini. Mnara ulikuwa umekwisha, basi ubatizo ulifanyika katika chumba cha chini ya mnara. Ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Martin wa Tours, yule askari wa kale aliyelipasua joho lake akampa maskini nusu, naye mwenyewe alikuwa hajabatizwa bado. Kwa hiyo mtoto akaitwa Martin.

Kwa nini waliharakisha vile, katika baridi ya Novemba, siku moja tu baada ya kuzaliwa? Waliharakisha kwa sababu waliogopa. Watoto wachanga walikufa kwa wingi katika siku zile, na mafundisho ya Kanisa yalikuwa kwamba mtoto aliyekufa bila ubatizo hawezi kuuona uso wa Mungu. Wala hakuzikwa pamoja na Wakristo wengine katika uwanja wa kanisa. Basi wazazi walikimbia na watoto wao kwenye birika kama mtu akimbiavyo na mgonjwa kwenda kwa mganga. Neno hili tulikumbuke, maana tutalirudia.

Mwaka uliofuata Hans alihamia mji wa Mansfeld, si mbali na Eisleben, na huko Martin akalelewa kwa ukali. Akasoma shule Mansfeld, Magdeburg na Eisenach, kisha mwaka wa 1501 akaingia chuo kikuu cha Erfurt. Baba alitaka awe mwanasheria.

Ubatizo uliosahauliwa

Tarehe 2 Julai 1505 Luther alikuwa njiani karibu na kijiji cha Stotternheim. Radi ikapiga karibu naye, akaanguka kwa hofu, akamwita Mtakatifu Anna amsaidie, na kuweka nadhiri ya kuwa mtawa. Majuma mawili baadaye akaingia nyumba ya watawa wa Augustino katika Erfurt, na baba yake akakasirika sana.

Luther alipokwisha kuweka nadhiri zake kamili, watawa wenzake walimpongeza wakisema amekuwa safi kama mtoto atokaye sasa hivi katika maji ya ubatizo. Hivyo ndivyo walivyofundishwa: kwamba ubatizo wa kwanza ni kama chombo kilichovunjika mara mtu atendapo dhambi, na ya kuwa nadhiri ya utawa ni kama ubatizo wa pili ulio bora. Miaka mingi baadaye Luther aliyaandika maneno hayo kwa uchungu. Alikuwa amefurahi kuyasikia, lakini moyo haukutulia. Alifunga, alikesha, aliungama dhambi kwa saa nyingi, hata muungamishi wake akachoka. Kila siku alitafuta jambo jipya la kujitakasa, na lile Mungu alilomtendea Eisleben akiwa mtoto wa siku moja halikumjia moyoni kuwa msaada.

Akapewa upadre mwaka wa 1507. Akasafiri hata Rumi. Mwaka wa 1512 akafanywa daktari wa elimu ya Mungu katika chuo cha Wittenberg, akaanza kufundisha Zaburi na nyaraka za Paulo. Katika kusoma huko akatambua kwamba haki ya Mungu inayohubiriwa katika Injili ni haki ambayo Mungu humpa mwenye dhambi bure kwa imani. Hapo nuru ikamwingia.

Tarehe 31 Oktoba 1517 alitoa hoja zake 95 juu ya biashara ya vyeti vya msamaha. Yaliyofuata yanajulikana: Papa alimtenga, naye mwezi wa Aprili 1521 akasimama mbele ya Kaisari Karl wa Tano mjini Worms akakataa kuyakana aliyoyaandika, akafichwa katika ngome ya Wartburg, na humo akalitafsiri Agano Jipya kwa lugha ya watu wake, likapigwa chapa Septemba 1522.

Lakini katika miaka hiyo hiyo alikuwa amelirudia lile jiwe. Mwaka wa 1519 aliandika hotuba juu ya ubatizo, akasema yafaa mtoto achovywe kabisa majini, ili ishara ilingane na jambo lenyewe, yaani kuzama kwa mtu wa kale na kuinuka kwa mtu mpya. Mwaka wa 1520 alimshukuru Mungu kwamba, katika mambo yote yaliyoharibiwa na wanadamu, ubatizo umehifadhiwa kwa ajili ya watoto wachanga wasiojua kujivunia matendo. Akafundisha kwamba ahadi ya ubatizo haivunjiki kwa dhambi. Mtu aweza kuanguka kutoka chomboni, lakini chombo chenyewe chaelea bado. Atubuye hapandi kingine, hurudi katika kile kile. Twaamini wavushaji wa mto Kilombero wataelewa mfano huo kuliko wanachuo wengi.

Tena alifundisha katika mwaka huo kwamba wote waliobatizwa ni makuhani mbele za Mungu. Mpishi na mkulima, mama na mtoto, hawakosi daraja mbele zake. Mambo mengi katika Kanisa letu yatoka katika neno hilo moja.

Watoto waletwe

Mwishoni mwa mwaka wa 1521 wakaja Wittenberg watu kutoka Zwickau, waliosema wamepewa mafunuo, nao wakautilia shaka ubatizo wa watoto. Na mwezi wa Januari 1525 huko Zürich, katika Uswisi, watu waliobatizwa utotoni walianza kubatizana tena. Hoja yao ilikuwa ile ile tunayoisikia leo: mtoto haamini, basi ubatizo wake ni maji tu.

Luther aliwajibu wachungaji wawili waliomwuliza habari hiyo kwa waraka wa mwaka wa 1528. Tuueleze kwa kifupi. Kama ubatizo wasimama juu ya imani yangu, alifikiri, nitajuaje lini imani yangu imetosha? Leo naamini, kesho nina mashaka; je, nibatizwe kila niingiapo katika mashaka? Hata mzee wa miaka hamsini hawezi kuapa kwamba imani yake ni timilifu. Ubatizo wasimama juu ya neno la Mungu na agizo lake. Imani yaupokea ubatizo, haiufanyi. Imani ikikosekana, itafutwe imani, maji yasirudiwe. Dhahabu haigeuki kuwa shaba kwa sababu mwizi ameivaa.

Kwa ajili ya wazazi alitengeneza Kijitabu cha Ubatizo mwaka wa 1523, akakifupisha mwaka wa 1526. Aliacha ile desturi ya kutia chumvi kinywani mwa mtoto, kumpulizia pumzi na kumpaka mafuta, akabakiza sala, ishara ya msalaba, Injili ya Bwana Yesu akiwabariki watoto, na maji pamoja na Neno. Aliwakemea mapadre na wadhamini waliokuja kwenye ubatizo wamelewa, akasema si ajabu watu kuharibika baada ya kubatizwa ikiwa wamebatizwa kwa ubaridi namna hiyo. Tuyasikie hayo sisi tunaoahirisha ubatizo wa mtoto mpaka mchele wa karamu upatikane na nguo za wadhamini zishonwe.

Katika kijitabu hicho iko sala ya gharika. Yamkumbusha Mungu kwamba aliihukumu dunia kwa maji akamwokoa Nuhu, na kwamba alimzamisha Farao katika Bahari ya Shamu akawapitisha Waisraeli. Sisi wa bonde la Kilombero twaielewa sala hiyo. Maji ya masika yatupa mpunga, na maji hayo hayo yachukua nyumba na mitumbwi. Katika ubatizo maji yale yale huua na kuhuisha: humzamisha Adamu wa kale, humwinua mtu mpya. Ndivyo Luther alivyofundisha tena katika Katekisimo Ndogo ya mwaka wa 1529, ambayo watoto wetu wa kipaimara waijua kwa moyo.

Baba wa watoto sita

Tarehe 13 Juni 1525 Luther alimwoa Katharina von Bora, aliyekuwa mtawa. Mungu akawapa watoto sita. Mzaliwa wa kwanza, Hans, alizaliwa tarehe 7 Juni 1526 akabatizwa siku hiyo hiyo. Birika la kanisa la mji wa Wittenberg halikuwa la jiwe. Lilikuwa la shaba, lililosubiwa na Hermann Vischer mwaka wa 1457, nalo lipo hata leo.

Binti yake Elisabeth alizaliwa Desemba 1527, wakati wa tauni, akafa mwaka uliofuata kabla hajatimiza mwaka mmoja. Magdalena alifika miaka kumi na mitatu, akafa Septemba 1542 mikononi mwa baba yake. Luther alilia sana. Alisema moyo wake unafurahi kwa ajili ya mtoto na mwili wake unahuzunika. Imani haikumfanya kuwa mti.

Mwaka huo huo wa 1542 aliandika waraka wa kuwafariji wanawake waliozaa watoto wafu, au waliofiwa na watoto kabla ya kubatizwa. Kumbukeni hofu iliyowakimbiza wazazi wake kwenye jiwe la Eisleben. Luther alisema mama Mkristo asidhani Mungu amemkasirikia, na ya kuwa kuugua kwake na kutamani kwake kumleta mtoto kwa Kristo kumehesabiwa na Mungu kuwa sala ya kweli. Mungu ametufunga sisi kwa ubatizo, lakini mwenyewe hakufungwa nao. Ndugu wachungaji na wainjilisti, tumwambie hivyo mama wa namna hiyo, iwe nyumbani kwake au katika wodi ya hospitali yetu ya Lugala. Wala tusisahau kwamba mtoto akiwa katika hatari na mchungaji yu mbali, Mkristo yeyote aweza kumbatiza kwa maji na kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, na ubatizo huo ni kamili.

Makosa yake

Haitupasi kumsifu mtu hata tuyafiche makosa yake. Sheria ya dola iliyotolewa Speyer mwaka wa 1529 iliwahukumu kifo waliobatiza mara ya pili, na wengi walichomwa moto au kuzamishwa majini. Luther hapo kwanza alichukizwa na mauaji hayo, lakini baadaye alikubali watawala wawaadhibu watu hao hata kwa upanga. Na mwaka wa 1543 aliandika juu ya Wayahudi maneno mabaya mno, ambayo watu waovu waliyatumia karne nyingi baada yake.

Kanisa halikunyamaza juu ya hayo milele. Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani liliyakataa maandiko yale juu ya Wayahudi katika mkutano mkuu wa Budapest mwaka wa 1984, wakati Askofu wetu Josiah Kibira alipokuwa akimaliza kazi yake ya urais wa Fungamano hilo. Na tarehe 22 Julai 2010, mjini Stuttgart, Walutheri waliomba msamaha kwa Mungu na kwa ndugu zetu Wamenoni, ambao kanisa lao lilianza kazi hapa nchini Shirati mwaka wa 1934. Basi tukipinga kubatiza mara ya pili, tupinge kwa mafundisho na kwa upole. Anayemvuta kijana wetu mtoni si adui wa kupigwa. Ni jirani wa kujibiwa kwa Neno.

Kurudi Eisleben

Mwezi wa Januari 1546, akiwa mgonjwa, Luther aliitwa kwao kuwapatanisha mabwana wa Mansfeld waliogombania mali na haki zao. Alisafiri katika baridi kali, mito ikiwa imefurika. Akakaa Eisleben, akahubiri mara nne, mapatano yakapatikana. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Februari maumivu ya kifua yakamzidi, akafa akikiri imani aliyoifundisha, umri wake miaka sitini na miwili. Mwili wake ukachukuliwa Wittenberg, ukazikwa katika kanisa la ngome.

Alifia mji ule ule alikobatizwa. Tangu birika lile hata kitanda kile zilipita nadhiri, vita vya maneno, hukumu ya Kaisari, ndoa na misiba; na katika hayo yote, alipojaribiwa na Shetani au kuingiwa na giza la moyo, silaha yake ilikuwa kujikumbusha kwamba amebatizwa. Mtu aliyeandika vitabu vingi hivyo alijishika kwa jambo asilolitenda yeye, alilotendewa akiwa hana nguvu wala akili.

Kanisa lile la Eisleben lilitengenezwa upya, na tangu mwaka wa 2012 limekuwa mahali maalumu pa kufundishia na kukumbukia ubatizo. Katika sakafu yake limechimbwa birika la duara ambamo mtu mzima aweza kushuka majini. Na huko Magdeburg, mji aliosoma Luther utotoni, tarehe 29 Aprili 2007 makanisa kumi na moja ya Ujerumani, Wakatoliki na Walutheri wakiwamo, yalitia sahihi kwamba kila moja lautambua ubatizo wa mwenzake. Walifanya hivyo katika kanisa kuu la mji, lenye birika la kale la jiwe lililotoka Misri, katika bara letu la Afrika.

Sisi wa Malinyi hatuna jiwe la namna hiyo. Wamisionari wa Berlin walipofika kaskazini ya Ziwa Nyasa mwaka wa 1891, hawakubeba mabirika yaliyochongwa. Na hata leo katika mitaa yetu mingi twabatiza kwa bakuli lililowekwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe. Hakuna kilichopungua. Jiwe la Eisleben limevunjika, vimebaki vipande. Neno lililosemwa juu yake halikuvunjika.

Basi kila mzazi na amweleze mtoto wake siku aliyobatizwa, mahali, na majina ya wadhamini wake. Asiyeijua siku hiyo na aende kwa mchungaji aitazame katika kitabu cha usharika. Na kijana aambiwaye kwamba ubatizo wake haukuwa kitu, na arudi katika kile chombo alichowekwa na Mungu, maana chaelea bado.